Hukumu za Popo Mzee

Takaoka, 20 Aprili 2025

Mwanangu Hisanori,

Theluji ya bustanini imeisha jana, ile ya nyuma ya banda ambayo kila mwaka hujifanya mgeni asiyejua kuaga. Mimi mzima, ila goti linanung'unika nikipanda ngazi. Kasisi wa hekalu alikuja kumsomea Baba Mkubwa wako sala za kutimiza miaka miwili tangu afariki. Alisoma mbiombio kama mtu aliyeacha chungu motoni, kisha akala keki mbili taratibu sana. Majirani walikuulizia. Niliwaambia una kazi nyingi, wakatikisa vichwa kwa adabu.

Michezo mitatu ya video uliyonitumia nimeimaliza. Kwa kuwa uliniomba niwe nakuandikia ninavyoiona, haya:

Bafu la Mlimani. Unaendesha nyumba ya kuogea. Maji yanatoa mvuke mzuri ajabu, lakini hakuna mgeni hata mmoja anayesema asante. Nilifunga biashara siku ya nne. Alama tano.

Upanga wa Theluji. Nimekufa darajani mara thelathini na mbili. Mara ya thelathini na tatu nikaona kuna njia chini ya daraja. Aliyeutengeneza anawapenda watu wanaoinama kutazama. Alama nane.

Dereva wa Reli ya Pwani. Ukichelewa kituoni sekunde nne, unahisi treni nzima inakutazama kisogoni. Mchezo wa mizimu ulionitumia majira ya baridi haukunitisha nusu ya hivi. Alama tisa.

Bi. Yachi msusi ananicheka, anasema mwanamke wa miaka sabini na mbili anayevunjika kidole gumba kwa kupigana na mbwa mwitu hastahili kuhurumiwa. Sijui porojo hizi unazifanyia nini. Labda unazisokota na kuzitia ndani ya viatu vyako vikilowa.

Na hilo jarida lako unaloandikia, siku moja nitumie nami nilione.

Anayekuombea usingizi na chakula cha moto,
Fumie


Tokyo, 9 Mei 2025
(Hii haikutumwa.)

Mama Mkubwa,

Nimeianza barua hii mara tatu na mara zote tatu nimeandika habari za mvua. Acha nisiandike habari za mvua.

Sijakueleza tunavyofanya jaridani. Kila mchezo mpya unahukumiwa na watu wanne, kila mtu mistari mitatu na alama kati ya kumi. Mimi ni wa nne, natumia jina la Popo Mzee. Miaka kumi na miwili nimeandika mistari yangu mitatu, na mwaka huu imenikauka. Napewa michezo kumi na mmoja kwa wiki. Naucheza kila mmoja saa mbili, nakaa mbele ya karatasi, na kinachotoka ni "picha nzuri, hadithi ya kawaida". Februari Bi. Hatano, mhariri wetu mkuu, aliniambia mbele ya wote: "Popo, siku hizi unaandika kama maelezo ya dawa ya kikohozi." Wakacheka. Nami nikacheka.

Machi nilichukua sentensi yako moja. Moja tu, nikajiambia. Mwezi huu nimezichukua hukumu zako zote tatu, neno kwa neno, pamoja na alama.

Bi. Hatano aliisoma ile ya treni kwa sauti kikaoni. Mpiga picha alicheka mpaka chai ikamtoka puani. "Popo amefufuka!" akasema Bi. Hatano. Mimi nikainama, nikashukuru. Nimeshukuru kwa maneno yako, Mama Mkubwa. Uso uliniwaka hadi masikioni, nao wakadhani ni unyenyekevu.

Mimi ni


Tokyo, 9 Mei 2025

Mama Mkubwa mpendwa,

Mvua zimeanza mapema huku, nguo hazikauki. Kikohozi changu kimepona. Pole na goti, usipande ngazi ovyo.

Jarida ningekutumia, lakini sisi waandishi tunapewa nakala moja tu, na madukani halifiki mikoani. Halina la maana, usijali.

Nakutumia michezo mingine minne. Maoni yako yananifurahisha sana jioni nikitoka kazini. Andika tu kama unavyosema, usibadilishe kitu.

Mwanao,
Hisanori


Takaoka, 12 Julai 2025

Mwanangu Hisanori,

Nyenje wameanza leo asubuhi, wote kwa pamoja kana kwamba kuna aliyewahesabia tatu. Mimi mzima. Matango ya bustanini yamezidi, nimegawa mpaka watu wananikimbia.

Zawadi yako ya katikati ya mwaka imefika. Asante. Lakini nimeifungua, nikakaa nayo mapajani muda mrefu.

Umesahau kwamba mama yako mkubwa alisimama miaka ishirini na tisa kwenye meza ya zawadi ya duka kubwa la mjini. Mtu akija kununua mafuta ya kupikia yaliyofungwa vizuri, nilijua anampelekea bosi. Tikiti la kijani lilikuwa la daktari. Na hii miche ya maharagwe matamu uliyonitumia, peremende iliyokandwa kama miche ya sabuni, ya mtengenezaji huyuhuyu, katika sanduku zito hivi, ilinunuliwa na watu waliokuwa wanakwenda kuomba radhi. Waliitaka iwe mizito, mikono iwaume kidogo njiani. Hawakuniangalia machoni. Nilikuwa naifunga bila kuuliza niandike nini juu ya karatasi.

Sasa, umemkosea nani? Kama ni mimi, sina habari. Kama ni mwingine, basi umekosea anwani.

Michezo:

Nyumba ya Mlango wa Tatu. Mzimu unatokea saa ileile kila siku. Kwa nidhamu hiyo ningempa kazi posta. Alama nne.

Shamba la Mwezi. Figili inakomaa kwa siku tatu na haina mdudu hata mmoja. Aliyetunga hajawahi kupanda figili, lakini amewahi kuitamani. Alama saba.

Ile mingine miwili bado. Kuna mmoja unaniangusha shimoni kila ninapogeuza kichwa.

Miche nimekula mmoja, ni mitamu. Iliyobaki nimeiweka mbele ya picha ya Baba Mkubwa wako, labda yeye ataelewa.

Mwenye maswali,
Fumie


Tokyo, 25 Julai 2025

Mama Mkubwa mpendwa,

Umenichekesha na hayo ya miche! Nilikuwa na haraka, mwuzaji ndiye aliyenichagulia. Nilimwambia ni kwa mzazi, akaniletea hiyo. Labda siku hizi desturi zimebadilika.

Siku za kuwapokea marehemu sitaweza kuja mwaka huu. Toleo la Septemba ni nene na wenzangu wawili wako likizo. Niombee radhi kwa Baba Mkubwa.

Nimeweka humu mchezo mmoja unaoitwa Fundi wa Mnara wa Saa. Wameutengeneza watu sita tu, kwa miaka saba, na kila mtu hapa anauzungumzia. Ningependa sana kusikia unasemaje kuhusu huo. Ikiwezekana kabla ya katikati ya Septemba.

Mwanao,
Hisanori


Takaoka, 3 Septemba 2025

Hisanori,

Joto limekataa kuondoka. Baba Mkubwa wako nilimpokea peke yangu. Nilimwashia moto mdogo mlangoni kama desturi, na siku ya nne nikamsindikiza kwa moto mwingine. Sikumwambia umesema una kazi nyingi.

Bi. Yachi msusi anakusalimu. Mwanawe ana mazoea ya kuacha majarida pale kwa ajili ya wateja. Ya kila namna, hata yale yasiyofika mikoani.

Umeniuliza kuhusu Fundi wa Mnara wa Saa. Nitakuandikia huo tu.

Fundi wa Mnara wa Saa. Nimeucheza siku kumi na tisa. Mume wangu Seikichi alipiga tupa birika za shaba kiwandani miaka arobaini, akilainisha palipokwaruza, na alikuwa na namna moja tu ya kusifu kazi ya mtu: "Huoni tupa ilipopita." Mchezo huu Seikichi angeushika mkononi, akaugeuza, akasema hivyo. Alama tisa. Ya kumi aliondoka nayo yeye.

Sina la ziada.
Fumie


Tokyo, 28 Septemba 2025

Mama Mkubwa mpendwa,

Asante kwa barua. Hukumu ya saa ni nzuri kuliko zote ulizowahi kuniandikia. Nilipoisoma nilimsikia kabisa Baba Mkubwa akisema.

Nimekutumia peasi. Baridi ikianza, vaa soksi mbili.

Mwanao,
Hisanori


Takaoka, 19 Oktoba 2025

Hisanori,

Nimekata kipande hiki kwenye jarida la Bi. Yachi, kwa ruhusa yake:

"Fundi wa Mnara wa Saa. Nimeucheza siku kumi na tisa. Unaushika mkononi, unaugeuza, na huoni tupa ilipopita. Alama tisa. Popo Mzee."

Nimemtafuta Seikichi katika mistari hii mitatu. Hayumo.

Fumie


Tokyo, 8 Desemba 2025

Mama Mkubwa,

Barua yako imekaa mezani wiki saba. Kila siku niliipitisha kushoto nipate kula, jioni nikairudisha kulia. Kukujibu kwa habari za hali ya hewa kumenishinda, na kukujibu kweli kulinishinda pia, mpaka yalipotokea haya.

Watengenezaji wa ule mchezo wa saa waliipenda hukumu yako. Waliiandika kwenye bango la stesheni ya Shinjuku: "Huoni tupa ilipopita. Popo Mzee." Nimekuwa nikipita chini yake kila asubuhi nikitazama viatu. Wasomaji nao wameichagua kuwa hukumu ya mwaka. Kwa hiyo tarehe 21 Novemba wale watu sita walikuja ofisini wakiongozwa na Bwana Sunahara, mkubwa wao, kunishukuru ana kwa ana. Ni mzee mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea mashine. Bi. Hatano akaniita.

"Ndiye huyu Popo?" akauliza Bwana Sunahara. "Mbona kijana! Nilitegemea mzee wa ndevu."

"Maneno yake ndiyo ya kizee," akasema Bi. Hatano.

"Sikiliza bwana mdogo. Marehemu baba yangu alikuwa mpiga tupa wa vijiko na uma, mjini Tsubame. Kauli kama hiyo haisemwi na mtu wa vitabu. Nilipoisoma nilisimama, nikatoka nje kidogo. Wewe tupa ulijifunzia wapi?"

Nikasema, "Kwa baba."

Ndivyo nilivyosema, Mama Mkubwa. Baba yangu alikuwa karani wa benki na nilikuwa sijafikisha miaka tisa alipofariki, wewe na Baba Mkubwa mkanichukua. Hata katika uongo wenyewe nilimnyang'anya Baba Mkubwa nafasi yake.

"Hebu lete mikono," akasema Bwana Sunahara. Akaishika yote miwili, akaigeuza viganja juu, akaipapasa kwa kidole gumba kama mtu anayekagua bidhaa. "Loo! Mikono gani hii, laini kama tofu! Tupa uliishika kwa miguu?"

Wote wakaangua kicheko. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa ananitania tu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Mikono ilikuwa bado mikononi mwake, na mikono yake ilikuwa na sugu palepale alipokuwa nazo Baba Mkubwa, hapa chini ya kidole cha shahada. Sugu nilizokuwa nazibonyeza nikiwa mtoto tukitazama mieleka kwenye televisheni, yeye akijifanya anaumia.

Nikasema, "Si maneno yangu."

"Unasemaje?"

"Si yangu. Ni ya mama yangu mkubwa. Na yeye aliyapata kwa mumewe, ndiye aliyekuwa mpiga tupa. Jina lake lilikuwamo. Mimi nililitoa."

Hakuna aliyecheka tena. Bwana Sunahara aliiachia mikono yangu polepole, mmoja, halafu mwingine. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kwa nini ulilitoa?"

Nikamjibu kwamba jina lingeonyesha kuwa si mimi niliyesema. Akasema, "Ndiyo kazi ya jina." Kisha akachukua kofia yake.

Bi. Hatano alinisikiliza mlango ukiwa umefungwa. Nikamwambia kuhusu Machi, kuhusu treni, figili, mzimu wa posta, zile za kwenye kadi zako, yote. Aliuliza ni ngapi. Nilikuwa najua idadi bila kutazama popote: ishirini na sita. Akasema, "Kumbe miezi yote hii nimekuwa nikimsifu mama yako mkubwa." Nikainama mpaka paji la uso likagusa meza, nikabaki hivyo. Akasema niinuke, namchafulia karatasi.

Popo Mzee amekufa. Kiti cha nne kimebaki wazi, mimi nimehamishiwa kurasa za nyuma, nasahihisha herufi za wenzangu. Bango linabadilishwa wiki hii. Na katika toleo la Januari, ambalo naliweka humu kabla halijafika kwa Bi. Yachi, ukurasa wa tatu, kuna hii:

"Masahihisho. Hukumu ishirini na sita zilizochapishwa tangu Machi kwa jina la Popo Mzee ni za Bi. Fumie Oketani wa Takaoka. Hukumu ya Fundi wa Mnara wa Saa ilikatwa, nasi tunaichapa nzima hapa chini. Kauli kuhusu tupa ni ya marehemu Seikichi Oketani, mpiga tupa wa birika kwa miaka arobaini. Aliyeyachukua maneno haya bila kuwaomba ni Hisanori Mukai."

Bi. Hatano alitaka pale mwisho iandikwe "mwandishi wetu". Nilimwomba aweke jina langu.

Mei niliwahi kukuandikia barua ya kweli. Nilifika kwenye "Mimi ni", nikashindwa kumalizia, nikakutumia nyingine kuhusu nguo zisizokauka. Ile miche ya maharagwe niliichagua mwenyewe. Mwuzaji aliniletea biskuti nikazikataa, na nilipokuwa nazikataa sikujua kwa nini.

Nimekuibia, Mama Mkubwa. Na nilipoona kuiba kwenyewe hakutoshi, nikamfukuza Baba Mkubwa kutoka kwenye sentensi yake mwenyewe. Naona haya kukuomba radhi. Naona haya hata kuandika jina lenu.

Hisanori


Takaoka, 27 Desemba 2025

Mwanangu Hisanori,

Radi ya majira ya baridi imepiga tangu asubuhi, ile ambayo wavuvi wa Himi wakiisikia wanachekelea kwa sababu samaki wanene wanakaribia. Theluji ni ya magoti. Mimi mzima. Barua yako nimeisoma, na jarida nimelisoma, na kabla sijakujibu nina langu la kusema ambalo nimelificha tangu kiangazi.

Miche ile ilinipeleka kwa Bi. Yachi. Ilikuwa Julai, siku mbili tu baada ya kuipokea. Niliingia nikajifanya nataka kukatwa ncha za nywele, nikaomba jarida, nikayakuta maneno yangu. Bi. Yachi akaniuliza mbona nimenyamaza. Nikamwambia mkasi wake unavuta.

Unajua nilihisi nini? Wewe unafikiri niliumia. Nilifurahi, Hisanori. Maneno yangu yalikuwa yamechapwa kwa herufi nzito na karibu yake kumechorwa popo mdogo. Maisha yangu yote kilichowahi kusomwa na wageni kutoka kalamu yangu ni "kwa heshima" na "kwa shukrani" kwenye karatasi za zawadi za watu wengine. Wiki iliyofuata nilirudi, nywele hata hazijaota. Agosti nikapanda treni hadi Toyama, pale hakuna anayenijua, nikanunua nakala mbili. Nilijua unaiba na nilikuwa nakusubiri uibe tena. Hata zile hukumu za Agosti nilizokuandikia kwenye kadi, nilizipunguza maneno mwenyewe ili zikuenee mistari mitatu.

Na Seikichi sikumweka mle kukutega. Nilimweka ili naye achapwe. Nilitaka watu wasiomjua wamsome ndani ya treni. Ulipomtoa nikakuandikia ile barua ya mistari miwili kama mtu asiye na doa, na tangu siku ile ninapoikumbuka najificha uso kwa aproni humu ndani peke yangu. Ningesema Julai, usingefika Oktoba. Wewe ulikuwa na njaa, mimi nikawa naacha mlango wa jiko wazi kusudi.

Basi tumeiva kwa haya sote wawili.

Bi. Hatano ameniandikia barua ya adabu sana, anauliza kama ningependa kukikalia kile kiti cha nne. Nimemjibu kwamba nashukuru, ila nikijua nasomwa nitaanza kupaka poda. Bwana Sunahara naye ameandika, barua fupi, anauliza Seikichi alitumia mkono upi. Nimemjibu wa kushoto.

Mjini wamesoma. Bi. Yachi ameyasoma masahihisho kwa sauti mbele ya wateja watatu waliokuwa na rangi kichwani, hawakuweza kukimbia. Kasisi kanisimamisha barabarani, kaniuliza mchezo upi unamfaa mtu wa umri wake. Nimemwambia ule wa treni. Atajifunza kutokimbia.

Jana nikaliweka jarida mbele ya picha ya Baba Mkubwa wako. Nikafuta vumbi, nikawasha ubani, nikapiga magoti kwa shida, nikamsomea ukurasa wa tatu kwa sauti. Nilipofika kwenye jina langu nilishusha sauti. Nilipofika kwenye jina lake niliipandisha, nadhani jirani amesikia. Jina lako sikulisoma. Njoo ulisome mwenyewe.

Fumie